Kampala: Safari ya Dumu la Maji Kutoka Ziwani Hadi Bondeni

Mimi ni mtumishi wa serikali katika mji mmoja wa Mkoa wa Kagera. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka minne kabla ya kuhamishiwa ofisi ya mipango ya mji. Kazi yangu sasa ni ya karatasi: kuhesabu nyumba, kukisia idadi ya watu watakaokuwapo baada ya miaka kumi, na kuandika taarifa zipate kusomwa na wakubwa. Katika taarifa moja juu ya maji niliandika kwamba huduma katika vitongoji vyetu vipya ni ya bei nafuu, kwa kuwa bei iliyoidhinishwa kwenye vioski ni shilingi 50 kwa ndoo.

Jioni moja niliileta taarifa hiyo nyumbani. Mke wangu aliichukua akaisoma huku akichambua mchele. Alipofika ukurasa wa pili akaniuliza, "Baba Koku, hiyo ndoo ya shilingi hamsini inauzwa wapi? Mimi nanunua kwa mia tatu, hapa mlangoni."

Sikuwa na jibu. Fedha ya maji hutoka katika fedha ya matumizi ninayoiacha mezani kila asubuhi, nami sikuwa nimewahi kuuliza inagawanywaje. Nilikuwa nimeandika bei ya karatasi, ilhali bei ya kweli ilikuwa ikilipwa chini ya paa langu mwenyewe.

Basi nilipopata likizo na kwenda Kampala kumwona binamu yangu, niliazimia jambo moja. Nitalifuata dumu moja la maji la lita 20 kutoka linapoanzia hadi linaponywewa, nione kila shilingi inaongezwa wapi. Kampala ni mji uliokuwa na watu zaidi ya 330,000 katika hesabu ya mwaka 1969, zaidi ya 774,000 mwaka 1991, na zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2014. Mji unaokua kwa kasi hiyo, ukiwa kando ya ziwa lile lile tunaloliona sisi kutoka Bukoba, una mengi ya kutufundisha, mazuri na mabaya.

BARABARANI

Basi liliondoka Bukoba alfajiri. Tulivuka Mto Kagera pale Kyaka, penye daraja lililovunjwa katika vita ya mwaka 1978, kisha tukafika mpakani Mutukula. Mto huo nao haujui mpaka: hupita upande wetu, ukaenda kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa Uganda. Lugha nazo zinakaribiana. Mhaya husema "amaizi," na Mganda husema "amazzi," na wote wawili wakiwa na kiu wataelewana bila mkalimani.

Baada ya Masaka, barabara hukata eneo la Lwera, penye mabwawa na mafunjo pande zote mbili. Pale Kayabwe, penye alama ya ikweta, nilikuta wageni wakilipa fedha ili waonyeshwe maji yakizunguka ndani ya beseni. Mzee aliyeketi karibu nami alicheka akasema, "Sisi tunalipa ili tuyanywe." Nilikumbuka neno lake mara nyingi katika siku zilizofuata.

GGABA: MAHALI MAJI YANAPOANZIA

Asubuhi ya pili binamu yangu alinipeleka Ggaba, kusini-mashariki ya mji, kando ya ziwa. Pale pana soko la samaki na bandari ndogo ya mitumbwi. Jirani na soko hilo ndipo ilipo mitambo ya maji ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lililoundwa mwaka 1972. Mtambo wa kwanza ulijengwa miaka ya mwisho ya 1920. Wa pili ukakamilika mwaka 1992, na wa tatu mwaka 2007. Kwa miaka mingi karibu maji yote ya bomba ya Kampala yalitoka hapo.

Njia ya kusafisha maji si siri. Maji huvutwa kutoka ziwani kwa bomba kubwa. Hutiwa dawa ya jamii ya shabu, ambayo huukusanya uchafu mwembamba ukawa mabonge yanayozama chini. Baada ya kutua, maji hupitishwa katika machujio ya mchanga, kisha hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Mama yeyote aliyewahi kutuliza maji ya mto katika mtungi na kuyachuja kwa kitambaa ataielewa kazi hiyo. Tofauti ni ukubwa wake tu.

Lakini hapo hapo Ggaba niliona jambo la kwanza linaloongeza bei. Maji ya ghuba yalikuwa ya kijani. Ule ni mwani, na mwani hustawi palipo na uchafu mwingi wa kuulisha. Kadiri maji ya ziwani yanavyozidi kuchafuka, ndivyo dawa nyingi zaidi inavyohitajika, na ndivyo machujio yanavyoziba upesi na kulazimika kuoshwa mara kwa mara. Kila kilo ya dawa inanunuliwa, nayo hatimaye hulipwa na mnywaji. Uchafu huo unatoka wapi, nitaeleza nitakapofika mwisho wa safari.

MUYENGA: MAJI YAPANDAPO MLIMA

Kampala ni mji wa vilima. Maji hayapandi mlima kwa hiari yake; kutoka Ggaba husukumwa kwa pampu za umeme hadi kwenye matangi makubwa juu ya kilima cha Muyenga, zaidi ya mita 100 juu ya usawa wa ziwa. Kutoka huko huteremka yenyewe katika mabomba ya mji. Kwa sababu hiyo umeme ni sehemu kubwa ya gharama ya maji. Umeme ukikatika, pampu zikanyamaza, matangi hushuka, na mabomba ya mbali ndiyo hukauka kwanza.

Tulipanda Muyenga kwa miguu. Nyumba za huko ni nzuri, zimezungushiwa kuta na maua, na ziwa linaonekana kama kioo. Kila nyumba ina bomba lake na dira yake. Binamu yangu anaishi kilima cha jirani, Makindye, naye pia ana dira. Jioni tulikaa na ankara yake tukapiga hesabu kama wanafunzi. Kila nitajapo shilingi kuanzia hapa, ni shilingi ya Uganda.

Maji huuzwa kwa yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Ankara ya binamu yangu, pamoja na kodi, ilifikia kama shilingi 4,000 kwa yuniti. Kwa hiyo dumu moja linalotoka katika bomba lake, ndani ya ua wake, bila kubebwa na mtu, humgharimu kama shilingi 80. Niliandika tarakimu hiyo katika daftari langu na kuipigia mstari.

NAMUWONGO: DUMU LILE LILE, BEI NYINGINE

Ukishuka Muyenga upande wa kaskazini, dakika chache tu, unafika Namuwongo, bondeni kando ya njia ya reli. Hapo nyumba zimebanana hata maji ya mvua hayana pa kupita. Vyumba ni vya kupanga, na ndani ya chumba kimoja familia nzima hupika, hula na kulala. Ni watu wa kazi: wachuuzi wa ndizi, vibarua wa viwandani, madobi, mafundi cherehani.

Shemeji yangu, mke wa binamu, alinipeleka kwa rafiki yake ambaye watu wote humwita Nnalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa mama aliyezaa mapacha. Yeye hufua nguo za watu. Alitukaribisha kwa chai, na kabla sijaimaliza nilikwisha kumsumbua kwa maswali.

"Mama, maji mnapata wapi?"

"Kwa jirani pale, mwenye bomba. Dumu mia mbili."

"Na mkileta nyumbani?"

"Nikituma kijana mwenye baiskeli ni mia nne. Siku bomba zikikauka, ni kiasi anachotaka yeye."

Wako sita katika chumba kile. Kwa matumizi yao, mbali na kazi ya kufua, wananunua madumu manne kwa siku. Tuliandika hesabu pamoja, naye alinisahihisha mara mbili, kwa kuwa anaijua kuliko mimi. Madumu manne kwa shilingi 200 ni shilingi 800 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 24,000, nazo zinampatia madumu 120 tu. Laiti angekuwa na dira kama ya binamu yangu, madumu hayo 120 yangemgharimu shilingi 9,600. Au tuseme kwa namna nyingine: fedha anazolipa Nnalongo kwa mwezi zingemnunulia mtu wa kilimani madumu 300.

Tazama pia kiasi cha maji chenyewe. Madumu manne kwa watu sita ni kama lita 13 kwa kila mtu kwa siku. Wataalamu wa afya husema mtu anahitaji lita 50 hivi kwa siku ili anywe, apike, aoge na kufua kwa usalama. Kwa hiyo bei kubwa haimfanyi Nnalongo alipe zaidi tu. Inamfanya atumie maji machache. Mikono ya watoto inaoshwa kwa maji ya kukisia. Maji yaliyosuuzia mboga yanafanya kazi ya pili na ya tatu.

Nilitaka kumlaumu yule jirani mwenye bomba, lakini nilipomwendea alinieleza mambo yake kwa utulivu. Alilipia kuunganishwa, alinunua bomba na kokwa, huilipa ankara kila mwezi, na humlipa kijana anayeketi pale. Maji mengine humwagika, wengine hukopa wasirudi, na siku bomba likikauka hana cha kuuza. Si mwizi. Ni mtu aliyeona pengo kati ya dira na mtungi, akaketi hapo.

KWA NINI PENGO LIPO?

Nilimwuliza Nnalongo kwa nini yeye asiunganishiwe maji. Alicheka. Alinipa sababu ambazo nilizisikia tena kwa kila mtu niliyezungumza naye katika mabonde ya Kampala.

Kwanza, chumba si chake. Bomba huwekwa kwa idhini ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba wengi wao hawaishi hapo. Pili, ardhi yenyewe ina wenyewe juu ya wenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kampala ni ya mailo, utaratibu uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambamo mmoja ana hati ya ardhi, mwingine ana haki ya kukaa juu yake, na wa tatu amepanga chumba. Bomba likitaka kupita, huwahitaji wote watatu. Tatu, ankara huja kwa mwezi, lakini fedha ya Nnalongo huja kwa siku. Mtu apataye shilingi elfu chache kila jioni hununua sukari kwa kijiko, mafuta kwa kikombe na maji kwa dumu. Anajua kwamba jumla ni rahisi. Hana fedha ya jumla.

Pana njia ya nne: chemchemi. Mabonde ya Kampala yana chemchemi nyingi, nyingine zimejengewa vizuri kwa saruji, na maji yake ni ya bure. Lakini vyoo vya shimo viko juu yake, mteremkoni, na uchunguzi mwingi umeonyesha vijidudu vya kinyesi katika maji hayo. Baada ya mvua kubwa za El Niño, mji huo ulipata kipindupindu katika miaka ya 1997 na 1998. Akina mama hawakuhitaji mhadhara. Wengi huchukua maji ya chemchemi kwa kufua na kudekia, na ya bomba kwa kunywa. Naye anayelazimika kunywa ya chemchemi hana budi kuyachemsha, na makaa hayatolewi bure. Kwa hiyo maji ya bure nayo yana bei yake, iliyojificha jikoni.

BOMBA LISILO NA MCHUUZI

Siku ya tatu shemeji alinipeleka mtaa mwingine wa bondeni nikaone dawa iliyobuniwa kwa ugonjwa huo. Ni bomba la wote, lenye kisanduku cha chuma. Kila mwenyeji ana kijifunguo kidogo mfano wa kitufe, wanachokiita tokeni, ambacho hutiwa fedha kwanza. Mtu hukigusisha kwenye kisanduku, maji yakatoka. Akikiondoa, maji yakakoma na fedha ikakatwa kwa kiasi alichochota. Bei iliyowekwa na Shirika kwa mabomba hayo ya umma ilikuwa shilingi 25 kwa dumu.

Msomaji, irudie hesabu ya Nnalongo. Madumu 120 kwa shilingi 25 ni shilingi 3,000 kwa mwezi badala ya 24,000. Tofauti ya shilingi 21,000 ni daftari na kalamu za mapacha, au ni unga.

Nilikaa pale saa nzima nikitazama. Mtoto wa miaka kumi alikuja na tokeni imefungwa kwa uzi shingoni, akachota, akaenda zake. Hakubembeleza mtu, hakusubiri mwenye ufunguo aamke. Bei hiyo ya chini haikuanguka kutoka mbinguni. Bei ya mabomba ya umma imewekwa chini kwa makusudi, na watumiaji wengine hulipa zaidi kwa yuniti ili mnyonge apate nafuu.

Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji kwa kusifu mno. Visanduku hivyo ni vya gharama, na vikiharibika huhitaji fundi aliyefundishwa na vipuri vya kuagizwa. Tokeni hupotea. Pia pana wajanja ambao hukaa na tokeni zao bombani wakawachotea wasio nazo, dumu kwa shilingi 100, na hivyo mchuuzi tuliyemtoa mlangoni huingia tena dirishani. Vile vile, mtaa wenye bomba moja kwa watu mia kadhaa huwa na foleni, na foleni ni bei inayolipwa kwa muda badala ya fedha.

Tukumbuke pia kwamba tokeni haina kazi bombani pasipo na maji. Mwaka 1998 zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa na Shirika hilo yalipotea, ama kwa kuvuja, ama kwa kuibwa, ama kwa kutoandikiwa ankara. Yakafuata matengenezo ya uongozi, kwa malengo ya muda mfupi na hesabu iliyofuatwa kila siku. Miaka kumi baadaye sehemu iliyopotea ilishuka hadi theluthi moja hivi, na nyumba zilizounganishwa ziliongezeka kutoka takribani 51,000 hadi zaidi ya 180,000 mwaka 2007. Mwaka 2004 ulitangazwa utaratibu wa kumsaidia mteja mpya kwa mabomba na vifaa hadi mita 50 kutoka bomba kuu. Lita inayookolewa isivuje haihitaji mtambo mpya, wala dawa, wala umeme wa ziada.

MWISHO WA BONDE

Siku ya mwisho nilirudi Namuwongo nikaendelea kushuka hadi bonde linapokwisha. Hapo hupita mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji ya mvua na uchafu wa katikati ya mji. Mfereji huingia katika bwawa la mafunjo, na bwawa humwagika katika ghuba ya Murchison. Na ghuba hiyo, ndugu msomaji, ndiyo ile ile ambayo mtambo wa Ggaba huchota maji. Kampala imekuwa ikinywa mahali inapomwagia.

Kilichouokoa mji kwa miaka mingi ni yale mafunjo. Mizizi yake hupunguza mwendo wa maji, hushika tope na hula sehemu ya uchafu kabla haujafika ziwani. Mwaka 1999 wataalamu walijaribu kukisia thamani ya kazi hiyo ya bure; wakapata kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Lakini bwawa limekuwa likikatwa kwa ajili ya mashamba ya magimbi, viwanda na nyumba. Kila ekari inayopotea, uchafu hufika Ghuba ukiwa mzito zaidi, na dawa ya Ggaba huongezeka.

Gharama ya kupuuza jambo hilo imeonekana. Ilibidi kiwanda kipya cha kutibu maji taka kijengwe Bugolobi, na mtambo mpya wa maji ya kunywa ujengwe Katosi, wilaya ya Mukono, mbali mashariki ya mji penye maji safi zaidi. Mtambo wa Katosi una uwezo wa lita milioni 160 kwa siku, lakini maji yake husafirishwa makumi ya kilometa kabla ya kufika mjini. Ni kazi kubwa na ya kusifiwa, kwani watu waliongezeka na mji ulihitaji maji zaidi. Lakini mji ulioharibu kisima chake cha karibu hulazimika kuchimba cha mbali, na mwendo huo nao huingia katika ankara.

MAFUNZO KWETU

Sisi tuna historia yetu. Mwaka 1971 nchi yetu iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, na vijijini maji yalikuwa ya bure. Lengo lilikuwa la heshima, ila pampu nyingi zilinyamaza kwa kukosa mafuta na vipuri, na sera zilizofuata zikamtaka mwananchi achangie gharama. Tumekwisha kujifunza kwamba maji ya bure yasiyotoka si maji. Kampala imenifundisha upande wa pili: maji ya bei nafuu yasiyomfikia mtu hayana nafuu.

Nilirudi na mambo manne katika daftari langu.

La kwanza: katika kupanga maji ya mji unaokua, ipimwe bei ya ndoo mlangoni, si bei ya karatasi. Afisa na awaulize wanaochota, na awaulize jioni wakiwa wamerudi, si saa nne asubuhi.

La pili: bomba lifike kabla ya nyumba kubanana. Njia ya bomba ikiachwa wakati viwanja vinapimwa, haigharimu ila kamba na vigingi. Ikitafutwa baada ya miaka kumi, itagharimu kubomoa na kesi.

La tatu: mpangaji ahesabiwe kuwa mteja. Akubaliwe kulipa kidogo kidogo kama apatavyo, na mabomba ya umma yawe mengi kiasi cha kuondoa foleni, maana palipo na bomba moja pana bwana mmoja.

La nne: bwawa na chemchemi viandikwe katika mpango wa maji kama tunavyoandika pampu na matangi. Mafunjo yasiyolipwa mshahara ndiyo mtumishi wa kwanza wa idara ya maji.

NYUMBANI TENA

Niliporudi niliiandika upya taarifa yangu. Nilimwomba mke wangu na majirani zake wanane waandike kwa siku saba idadi ya ndoo, bei waliyolipa na mahali walipochota. Hakuna hata mmoja aliyelipa shilingi 50 kwa siku zote saba. Niliweka hesabu zao mbele, na bei iliyoidhinishwa nyuma yake, na sentensi ile ya "bei nafuu" nikaifuta. Haikuwa kazi nyepesi, kwa kuwa mwandiko uliofutwa ulikuwa wangu, na ilinibidi nimweleze mkubwa wangu kwamba taarifa aliyokwisha kuitia saini ilikuwa na kosa. Aliisoma kimya, akauliza maswali mawili, akaipeleka kwenye kikao. Uamuzi bado unangojewa.

Usiku ule mke wangu aliisoma tena. Safari hii aliimaliza.

"Ni ya kweli," alisema. "Lakini umesahau kitu."

"Kitu gani?"

"Saa. Umeandika tunalipa shilingi ngapi. Hukuandika tunasimama kwa muda gani."

Nimeongeza safu ya nne katika jedwali. Nawe msomaji wa kurasa hizi, mama au baba wa nyumba, popote ulipo, chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa chache. Andika kwa siku saba: ndoo ngapi, bei gani, umechota wapi, umesimama muda gani. Kisha kipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa wako, au kwa ofisi kama yangu. Sisi wa karatasi tunahitaji kusahihishwa na wale wanaobeba ndoo.